Uchaguzi wa Mahindi na Maharagwe

Machi 3, Jumatatu

Nimechaguliwa kuwa msimamizi wa uchaguzi wa Chama cha Sayansi ya Kilimo kwa kosa la kutohudhuria kikao. Nilikuwa shambani napima nafasi za matuta yangu. Waliohudhuria walikuwa saba, na kila aliyeombwa kusimamia alikumbuka udhuru wake papo hapo, mpaka mmoja akalitaja jina langu, na kwa kuwa sikuwepo kukataa, wakapiga makofi.

Aliyelitaja ni Mboji, ninayekaa naye chumba kimoja bwenini. Anaitwa Mboji kwa sababu chini ya kitanda chake kuna ndoo yenye mfuniko, na ndani ya ndoo maganda ya ndizi na majani ya chai yanaoza polepole kuwa udongo. Matroni amejaribu kuitoa ndoo hiyo mara kadhaa na kila mara ameondoka amefundishwa kitu kuhusu minyoo. Nilipomuuliza kwa nini ameniuza, alijibu bila kuinua macho kitabuni.

"Wewe unapenda kuhesabu vitu, dada. Nikaona utafurahi."

Sijafurahi.

Machi 5, Jumatano

Mkuu wa idara aliniita ofisini. Alikuwa akimwagilia ua lake la dirishani na hakuacha kumwagilia wakati anazungumza nami. Alisema chama chetu kimeitisha uchaguzi mara mbili na mara zote mbili akidi haikutimia. Wanachama ni sitini. Katiba inataka nusu yao na mmoja zaidi wapige kura. Mara ya kwanza walikuja kumi na wanne, ya pili kumi na mmoja.

"Safari hii wasipotimia thelathini na mmoja, nakifuta chama," alisema. "Na lile shamba lenu nyuma ya banda la miche litakwenda kwa wahandisi. Wanatafuta mahali pa kuegesha matrekta."

"Litachukuliwa lini, mama?"

"Mwezi wa tano hautaisha."

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho unapandwa shamba hilohilo, wiki ijayo, kwa sababu chuo kizima hakina mahali pengine palipobaki. Maharagwe yangu hayakauki kabla ya mwezi wa sita. Shamba likichukuliwa Mei, sina mavuno, sina takwimu, narudia mwaka. Na mama amekwisha kuwatangazia shangazi zangu wote kwamba mwaka huu namaliza.

"Pole," alisema mkuu wa idara. Sijui aliniambia mimi au lile ua.

Machi 13, Alhamisi

Nimepanda. Vipande kumi na viwili, kila kimoja na kibao chake. Nimezungushia kamba pande zote nne na kutundika kibao cha herufi kubwa, USIKANYAGE. Bwana shamba wa chuo, mzee mwenye buti zilizopasuka na kauli fupi, alisimama akasoma.

"Binti, hapo umewakaribisha. Mtu akiambiwa asikanyage, hujiuliza kuna nini."

Machi 14

Hakuna mvua.

Machi 15

Hakuna.

Machi 17

Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaondoka.

Machi 20, Alhamisi

Imenyesha tangu alfajiri, mvua ya kweli, ya kulaza nyasi. Jioni niliitisha mkutano wa kuwaeleza wanachama habari ya uchaguzi. Walikuja tisa, na wawili kati yao walikuwa wamejikinga mvua tu. Niliwaeleza wote tisa. Wale wawili ndio waliouliza maswali.

Machi 27, Alhamisi

Maharagwe yameota. Yamejipanga vizuri kuliko binadamu wa chuo hiki.

Amejitokeza mgombea wa uenyekiti, naye ni Spika. Ni kijana wa mwaka wa pili asiyehitaji kipaza sauti. Akikohoa bwaloni, sahani zinatikisika. Anawaita watu wote "ndugu mwanachama", hata mpishi, hata paka wa banda la miche. Nikimwona anakuja upande huu, mimi nakwenda upande ule. Alikuja kuchukua fomu akanipa mkono kama anazindua daraja.

Hakuna mwingine aliyejitokeza. Nikapiga hesabu hapo hapo: mgombea mmoja, mvua nje, nani atatoka kitandani kuja kumchagua mtu ambaye hana wa kumshinda?

Aprili 2, Jumatano

Nimembembeleza Mboji agombee. Nimetumia hoja zote nilizonazo, nikatumia na machozi kidogo.

"Mimi sitaki uongozi," alisema. "Mimi nataka kulala na kuozesha maganda."

"Si lazima ushinde. Nataka watu wawe na wa kumchagua."

"Nikishinda je?"

"Hutashinda."

"Maneno ya kutia moyo hayo, dada."

Amekubali, kwa sharti kwamba mwezi mzima mimi ndiye nitakayeibeba ndoo yake kwenda kuimwaga kwenye shimo nyuma ya bwalo. Nimeibeba leo mara ya kwanza. Sina la kusema kuhusu harufu yake, ila matroni ana hoja.

Aprili 10, Alhamisi

Leo wagombea wamegawiwa mbegu. Chama hiki tangu kuanzishwa hakipigi kura kwa karatasi. Kila mgombea anapewa zao. Mpiga kura anaingia nyuma ya pazia, anachukua punje moja ya yule anayemtaka, anaidondosha kwenye debe lenye tundu, basi. Kura zikishahesabiwa, mshindi anazipanda zote shambani, za kwake na za mwenzake. Ndiyo maana lazima ziwe mbegu hasa, si nafaka ya kula kutoka jikoni. Waasisi wetu walikuwa watu wa ndoto, lakini hili walilifikiria vizuri, nakiri.

Spika kapata mahindi. Mboji kapata maharagwe, na akasema kwa kuwa ni mimi niliyemtia kwenye balaa hili, atatumia mbegu zangu zilizobaki.

Aprili 16, Jumatano

Spika kapanda juu ya benchi bwaloni wakati wa chakula cha mchana kumwaga sera. Ameahidi bomba la shambani litatengenezwa, ziara zitakuwepo, jarida la chama litafufuka. Mtu akauliza, "Kwani hiki chama kinafanya nini?" Spika akajibu mpaka wali ukapoa, na mwisho wa jibu sidhani kama kuna aliyejua zaidi ya alivyojua mwanzo. Lakini watu walicheka, na hakuna aliyeondoka.

Mboji aliulizwa sera zake. Alisema, "Nitajitahidi," akaendelea kula.

Aprili 19

Mvua. Chawa wa mimea kwenye kipande cha nne. Nimewatoa kwa vidole.

Aprili 24, Alhamisi

Nimepita mlango kwa mlango mabweni yote kuwakumbusha. Sijawahi kuwachukia watu wengi kiasi hiki kwa siku moja. Mmoja alisema hakumbuki kama bado ni mwanachama. Mwingine alisema atakuja mvua ikikatika, kama vile mimi ndiye niliyeishika. Wa tatu aliuliza kama chai itakuwepo. Nikamwambia huu ni uchaguzi, si harusi. Akasema basi ataangalia.

Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alinijibu bila kunifungulia mlango vizuri. "Mara ya mwisho nilipokuja shambani kwa kazi za chama, ulinifukuza."

"Ulikanyaga kamba yangu."

"Nilikuwa nang'oa magugu, dada. Magugu yako."

Nimerudi chumbani na hasira, na sikujua hasira hiyo niielekeze wapi. Mboji kasema niibebe ndoo, itanipoza.

Aprili 28

Maua ya kwanza. Meupe. Nimekaa kwenye tuta kuyaangalia mpaka nikalowa.

Mei 3, Jumamosi

Mama kapiga simu. Anataka kujua tarehe ya mahafali ili mashangazi waanze kushona. Nikamwambia tusubiri kwanza uchaguzi upite.

"Uchaguzi na kumaliza shule vinahusiana nini?"

Nikamweleza yote. Akauliza wagombea ni akina nani. Nikamweleza kuhusu Mboji, kisha nikamwambia kuhusu Spika, kwamba ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Mama akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba ataniombea, na nikajua ameelewa ukubwa wa jambo lenyewe.

Mei 8, Alhamisi

Kesho. Nimetundika magunia kwenye banda la miche yawe pazia. Debe limeoshwa, tundu limekatwa. Nimekwenda stoo ya mbegu nikajaza sinia moja mahindi, na sinia la pili nimelijaza maharagwe yangu. Majina yote sitini yako tayari mezani. Siwezi kula.

Mei 9, Ijumaa

Naandika kwa kirefu kwa sababu nisipoandika leo kesho nitadhani nimeota.

Asubuhi mvua ilikuwa inamwagika kama imelipwa. Tulifungua saa nne. Mboji na Spika walikaa pande mbili za mlango kama wenye msiba, mmoja kimya, mwingine akimsalimia kila anayepita kwa ukoo wake wote. Watu walianza kuingia mmojammoja, wamelowa, wakipangusa mikono kwenye nguo na isikauke. Nilikuwa naweka alama kwenye majina na kila alama ilinipunguzia jiwe kifuani. Saa sita kasoro walikuwa wamefika ishirini na watatu. Ishirini na watatu, na siku bado mbichi. Nilianza kuonja mavuno.

Halafu nikasikia kicheko nje. Wavulana wawili walikuwa wamesimama chini ya ukingo wa paa, mmoja amemshika mwenzake mkono na kuuinua juu.

"Kumbe na wewe ni wa Spika. Si ulisema humpendi?"

Vidole vya yule mwenzake vilikuwa na rangi ya waridi.

Nikaangalia vyangu. Pinki, mpaka chini ya kucha. Nikaangalia watu waliokuwa wamebaki bandani wakisubiri mvua ipungue. Pinki, pinki, safi, pinki, safi, pinki. 

Mahindi ya stoo ni mbegu iliyopakwa dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo hutiwa rangi ili mtu asije akaipika kwa bahati mbaya. Mtoto wa mtaani angeliona sinia lile angeuliza mara moja, mbona mahindi haya yana rangi? Lakini sisi wa kilimo tumeyaona hivyo tangu mwaka wa kwanza. Machoni petu mahindi ya kupanda ni ya pinki kama nyanya zilivyo nyekundu. Niliyajaza kwenye sinia nikayasawazisha kwa kiganja changu mwenyewe na wala wazo halikunipitia. Punje moja kwa mkono mkavu huenda isingeacha rangi ya kuonekana. Kwa mikono iliyolowa, kila aliyemchagua Spika alitoka na ushahidi kwenye vidole, na kila aliyemchagua Mboji, kwa maharagwe yangu yasiyopakwa kitu, alitoka bila.

Kura ya siri yote ilikuwa hadharani, na aliyeianika ni msimamizi.

Mlangoni alikuwa amefika yule msichana wa mwaka wa kwanza, wa magugu. Aliona vidole vya watu, akamwangalia Spika pale mlangoni, akasema, "Nitarudi baadaye," akageuka kwenye mvua. Wawili waliokuwa nyuma yake nao wakageuka.

Naye bwana shamba akaingia wakati huohuo, akaona mikono yangu.

"Nani amewapa hizo?" alisema. "Hiyo ni dawa, si rangi ya kucha. Asile mtu kitu hapa kabla hajanawa kwa sabuni." Akatoka kwenda kutafuta ndoo na sabuni, akinung'unika njia nzima.

Nitaandika kilichonipitia moyoni. Nilitaka kunyamaza. Walikuwa wamebaki wanane tu. Ningewaosha mikono, ningefunika sinia, wanane wangepatikana kufikia jioni, na maharagwe yangu yangekauka shambani kwa raha zao. Nani angelalamika? Walioonekana walikwisha kuonekana. Niliendelea kushika kalamu kana kwamba nina jambo la kuandika.

Spika akaja mezani. Nikajiandaa kwa hotuba. Lakini aliinama na kuongea kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipogundua kwamba anayo.

"Dada msimamizi. Yule binti ameondoka kwa sababu yangu. Tuko kundi moja la maabara. Hataki nione."

"Nimeona."

"Basi zimwage."

"Unaongoza," nikamwambia. "Hata kipofu anaona unaongoza."

"Ninaona vidole hivyo tangu nusu saa. Nilikuwa nafurahi." Akajikuna shingo. "Nilikuwa nawahesabu. Halafu nikaona ninawahesabu. Mwaga tu, dada."

"Nikimwaga tunaanza na sifuri. Hawatarudi kwa mvua hii. Na wasiporudi, chama kinakufa, na shamba linakwenda." Nikamwambia na habari ya mradi wangu, ambayo sikuwahi kumwambia mwanachama yeyote isipokuwa Mboji. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu sauti yangu ilikuwa imeanza kutetemeka na nilitaka ionekane ina sababu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Sikujua kwamba hilo nalo analiweza.

"Kazi yangu ni kupiga kelele," alisema. "Niache nikapige."

Nikafungua debe, nikamimina kura ishirini na tatu kwenye ndoo mbele ya wote waliokuwepo. Zilitoa sauti ndogo sana kwa kitu kilichonigharimu vile. Mtu mmoja akaguna.

Ndipo Mboji, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, akasimama. "Tatizo ni kwamba wengine wana rangi na wengine hawana, sivyo? Basi tuwapake wote." Akachota konzi ya mahindi kutoka kwenye sinia, akayatia kwenye bakuli lenye maji kidogo, akaliweka mlangoni. Kila anayeingia anachovya vidole vyake kwanza, awe wa mahindi au wa maharagwe, kisha anaingia kupiga kura, akitoka anakutana na bwana shamba na sabuni. Wote wachafu sawasawa. Alichovya yeye wa kwanza, akanipita bila kuniangalia, akafungua mwavuli wake wenye ubavu uliovunjika. Spika akaingia chini ya mwavuli huohuo. Waliondoka wakigombania nafasi, mmoja kwenda bwaloni, mwingine maktaba, na mvua ikawameza.

Nikabaki na debe tupu na bwana shamba. Alikuwa anakata sabuni vipande kwa kisu cha kupogolea.

"Watakuja?" nikamuuliza.

"Sijui," alisema. Nilitamani angedanganya.

Ulikuwa muda mrefu. Nilisikia mvua kwenye bati na sikusikia kingine. Niliwaza nitamwambiaje mama. Niliwaza shangazi zangu na vitambaa vyao. Nikawaza pia, na wazo hili lilinishangaza, kwamba hata wasiporudi sitaki kuzirudisha zile punje debeni.

Wa kwanza kurudi alikuwa mvulana aliyeinuliwa mkono pale nje. Akachovya, akapiga, akanawa. Kisha wawili. Kisha mlango ukajaa. Spika alipanda juu ya benchi bwaloni na safari hii hakuahidi kitu chochote, alisema tu, "Tumeharibu, tumemwaga zote, njooni tuanze upya." Ilivyo ni kwamba mtu akiambiwa uchaguzi unaendelea vizuri, anamalizia kula. Akisikia umeharibika, anaacha sahani. Walikuja kuangalia uharibifu, na wakishafika, bakuli la pinki mlangoni liliwafurahisha kama watoto. Waliotoka wakapita mabwenini na vidole vyao, wenzao wakauliza ni nini, nao wakaja. Mboji alirudi kutoka maktaba na watu wanane nyuma yake, hakuna anayejua aliwaambia nini. Yule msichana wa magugu alikuja nao. Alichovya mkono mzima, mpaka kwenye kifundo.

Wa thelathini na moja alikuwa yule wa chai. Aliuliza tena kama ipo. Nilisimama nikamkumbatia, akashtuka, akaniacha na maji ya koti lake kifuani pangu.

Tulifunga saa kumi. Wamepiga kura arobaini na wanne. Tumehesabu mbele ya watu wote, punje kwa punje, bwana shamba akishika debe. Mahindi ishirini na matano. Maharagwe kumi na tisa.

Spika hakusema kitu kwa muda ambao kwake ni rekodi. Kisha alisema, na akasema sana, na nikamwacha aseme. Mboji alinishika mkono chini ya meza akaninong'oneza sikioni, "Nimepona." Nikaona kweli uso wake umelegea kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikalazimika kutoka nje, na nje mvua ilikuwa bado inanyesha na sikuijali.

Mei 10

Tumelala mpaka mchana, wote wawili.

Mei 12, Jumatatu

Spika kapanda kura zote, mahindi na maharagwe. Mstari wake umepinda vibaya. Bwana shamba aliuangalia, akavua kofia, akaivaa tena.

Mkuu wa idara hajasema kitu. Inasemekana amesikia kwamba kura zilimwagwa na kupigwa upya siku hiyohiyo, na kwamba anaisoma katiba. Kwa hiyo bado. Nimerudi kwenye hali ya kutokula.

Mei 13

Hajasema kitu.

Mei 14, Jumatano

Amekuja mwenyewe shambani. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kipande cha saba, nikaona viatu vyake vya ofisini vimezama kwenye tope nje ya kamba. Nilinyanyuka, sikujua nifiche wapi mikono.

"Nasikia ulimwaga kura ishirini na tatu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Zikiwa zimebaki nane tu."

"Ndiyo."

"Na haya yote ni yako." Alikuwa anaangalia maharagwe, jinsi yalivyoanza kutunga.

"Ndiyo, mama."

Mahali fulani bomba la shambani lilikuwa linadondosha maji. Spika bado hajalitengeneza.

"Katiba haisemi kura zisipigwe mara mbili siku moja," alisema. "Inasema tu ziwe za siri. Arobaini na nne zinatosha. Wahandisi watatafuta kwingine." Akajaribu kutoa mguu kwenye tope, kiatu kikabaki, akakirudia. "Vuna vizuri."

Nilisubiri mpaka alipopita banda la miche. Kisha nikakaa chini, palepale matopeni, nikalia kwa sauti. Sikulia kwa huzuni hata kidogo. Kifua changu kilikuwa kimebana tangu mwezi wa tatu na sikujua jinsi kilivyobana mpaka kilipoachia. Nimeandika hivi nikiwa nimeoga na bado nacheka peke yangu.

Mei 15

Nimekula sahani mbili.

Mei 23, Ijumaa

Mvua zinapungua. Majani yanaanza kugeuka njano. Nimetoa kile kibao cha USIKANYAGE. Kamba nimeiacha, kwa sababu mimi si malaika.

Juni 7, Jumamosi

Nimevuna.

Nilipanga kuvuna peke yangu, kipande kwa kipande kwa siku nne, ili yasichanganyike. Asubuhi nikakuta watu kumi na saba wamesimama nje ya kamba. Spika alikuwa ametangaza bwaloni kwamba ndugu mwanachama fulani anavuna leo. Watu kumi na saba kwenye jaribio la vipande kumi na viwili ni maafa. Nilifungua mdomo kuwaambia waondoke.

Nikawagawa. Mmoja mmoja kila kipande, waliobaki wa kubeba, kila kipande na gunia lake na kibao chake kimefungwa shingoni mwa gunia. Niliwaonyesha jinsi ya kung'oa bila kupasua maganda. Msichana wa magugu alikuwa kipande cha kwanza na hakuniuliza kitu, alikuwa anajua. Spika alichanganya kidogo kipande cha tisa na cha kumi, akanijia mwenyewe kuniambia kabla sijaona, tukakaa chini tukatenganisha mche kwa mche. Alizungumza muda wote. Mboji alikuwa anakusanya mabua yote kwa ajili ya shimo lake, na mtu akamuuliza kama minyoo yake inapenda maharagwe, akaeleza, na watu watatu wakamsikiliza kweli.

Kufikia adhuhuri vipande vyangu vilikuwa vitupu na magunia kumi na mawili yamepangwa kivulini, hakuna lililopotea. Nililigusa kila moja. Takwimu zangu zipo. Namaliza.

Nikampigia mama simu. Nilisema, "Mama, waambie washone," akapiga kigelegele ambacho naamini shangazi zangu walikisikia bila kupigiwa. Aliponyamaza akauliza, "Na yule redio wako, anaongozaje?"

"Anaongoza kwa kelele, mama. Unamsikia mwenyewe."

Kwa sababu nyuma yangu Spika alikuwa anaita. Magunia yalitakiwa kufika stoo na watu walikuwa wanayabeba wawili wawili, na wakati huu hakuniita dada msimamizi. "Ndugu mwanachama," aliita, "simu baadaye, njoo ushike upande huu."

Nikamwambia mama nitampigia jioni, nikaenda kushika.